Barua ya Septemba Mbele ya Hakimu

Kisumu,
6 Machi 1988

Kwa dada yangu Perez Aoko,

Huku kwetu tunapumua wote, hata kuku. Mke wangu Dorca anakusalimu sana, anasema ile gauni uliyomshonea Krismasi imeanza kumbana na kosa si la kitambaa. Ndiyo hivyo, tunangoja mtoto mwezi wa nane. Mama kule Kendu Bay goti bado linamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Juzi amegombana na mzee wa kanisa juu ya viti, na viti vimerudishwa. Mbuta wa siku hizi ni wakubwa mpaka unashindwa kujua kama ni mtu amebeba samaki au samaki amebeba mtu.

Sasa sikia. Wewe wanijua, mimi si mtu wa mahali padogo. Nimefanya kazi melini mpaka Mwanza na Bukoba, nimekula chakula cha bandari tatu, na darasa la saba niliacha kwa hiari yangu kwa sababu mwalimu alikuwa ananionea wivu. Tangu Januari niko katika ofisi ya wakili, Mama Nelima Wakhisi, mama wa Kibukusu. Ni mfupi, sauti yake ndogo, lakini akipanda ngazi za korti mawakili wanaume wanafunga vifungo vya koti. Kazi yake kubwa ni talaka. Mimi ni msaidizi wake wa karibu. Naona wanawake wanaingia pale wamekunjika kama bahasha, na wanatoka wamenyooka.

Ni miaka minne tangu uende kumuuguza mama, ukarudi Nyamasaria kwa bwana yako Nicodemus ukakuta mapazia mapya dirishani na mwanamke mgeni akikuuliza unamtafuta nani. Ulichukua mtoto wako Anyango na cherehani ukaenda Kitale. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekuuliza unataka nini. Nauliza mimi, mdogo wako.

Mlifunga ndoa kanisani, na pete. Ndoa ya pete mlango wake wa kutokea uko kortini. Nimejifanya namuulizia rafiki, na Mama Wakili amenieleza. Kwanza unampa habari zote, hata zile za aibu. Yeye anaandika maombi, unaapa, karatasi inapelekwa kwa bwana, bwana anajibu, mnasikizwa. Hakimu akikubali anatoa hukumu ya kwanza. Mnangoja miezi sita, pengine kuna mtu ana neno, halafu inatoka ya mwisho. Mambo ya ng'ombe wa mahari wanabaki nayo wazee, korti haichungi. Basi, njoo. Nauli ya kurudi ni juu yangu.

Ni mimi ndugu yako,
Dishon Ogola
Msaidizi wa Wakili


Kitale,
24 Aprili 1988

Wuod mama, mwana wa mama yangu,

Nilifika salama kutoka huko kwenu. Anyango alinikumbatia akasema nanuka samaki, nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya kwa mjomba wake. Shuleni amekuwa wa nne kati ya arobaini na wanane, na anataka uambiwe kwamba yule wa tatu aliiba. Mwambie Dorca apumzike mchana. Mwambie pia hiyo gauni niliacha kitambaa cha akiba pembeni, aiachilie.

Asante kwa kunipeleka kwa Mama Wakili. Nilitaka kukushukuru pale pale ila hukuwepo, ulikuwa umetumwa maziwa. Nimeona pia daftari la kusaini barua, na neno lililo mbele ya jina lako ni tarishi. Mbele ya Dorca nilinyamaza.

Yule mama hakuniuliza kwa nini sikuvumilia. Watu wengine wote wameniuliza hilo. Yeye aliuliza tarehe. Aliuliza nani aliona. Halafu akakutoa nje, akaniuliza kama talaka hii naitaka mwenyewe au nasukumwa na ndugu. Nilichomjibu ni hiki, na wewe ukijue. Mwezi wa pili Nicodemus alituma watu wawili shuleni kwa Anyango. Walimwambia mwalimu mkuu mtoto ni wa ukoo, na wakirudi watakuwa na barua ya chifu na watamchukua. Tangu siku hiyo nashona sare za watoto wa watu macho yangu yakiwa barabarani. Nataka karatasi ya korti inayosema Anyango anakaa na mimi. Pete na jina ni mambo ya baadaye.

Aliniambia neno moja la mwisho: lolote likitokea kati yangu na Nicodemus, hata kama ni salamu, nimuulize yeye kwanza kabla sijafanya kitu. Kwa kuwa simu sina, nitapitia kwako.

Dada yako,
Perez


Kisumu,
19 Juni 1988

Dada,

Kwa salamu za kwanza, tuko. Kwa salamu za pili, tarishi ni cheo. Bila tarishi hiyo sheria yote inalala kwenye kabati. Tumalize hapo.

Maombi yako yamefika kortini yakagongwa muhuri. Mpelekaji samansi wa korti hakuijua nyumba ya Nyamasaria, nikamwongoza mimi, nimevaa miwani ya jua ya Mwanza. Tulimkuta Nicodemus anakula. Akanawa mkono mmoja, akasoma karatasi akiishika na ule mwingine, sasa nakala yake ya sheria ina mchuzi. Akasema mke wake ni mke wake, hata akikaa Kitale miaka mia. Nikamwambia miaka mia ni mingi, sisi tunaomba miezi tu.

Ameweka wakili, Bwana Waliaula, mtu wa sauti. Akisema "habari ya asubuhi" ng'ombe wa Milimani wanainua kichwa. Mama Wakili hana wasiwasi. Anasema mwanamke mwingine yupo, anaonekana, jirani watatu watasema, na mambo ya aina hiyo hayazimwi kwa kelele. Ila ameniambia tena nikukumbushe: uliza kwanza.

Dishon


Kitale,
29 Agosti 1988

Ndugu yangu,

Habari ya kijana nimeipata, nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akatoka. Walter ni jina zuri. Nimemshonea kofia mbili, moja ya kichwa alicho nacho sasa na moja ya kichwa cha baba yake.

Lakini nimeletewa telegramu kutoka Katito. Baba yake Nicodemus amefariki, na mazishi ni Jumamosi tarehe kumi. Unajua alivyokuwa mzee yule kwangu. Mimi nilipotoka Nyamasaria ni yeye peke yake aliyekuja Kitale kunitafuta, na hakuja kunirudisha. Alikuja kuona mtoto amelala wapi. Aliangalia kitanda, akakitikisa kwa mkono, akasema ni imara, akarudi kwao.

Mimi bado ni mkamwana wa boma lile. Nisipokwenda kupika na kunyolewa nywele za matanga pamoja na wenzangu, watasema nimemtupa mzee. Nikienda, sijui sheria itasema nini. Nenda kwa Mama Wakili leo hii, umuulize: nikienda kumzika, kesi yangu inaharibika? Na Anyango? Dereva wa basi aliyekuletea barua hii atapita tena Jumapili. Mpe jibu.

Perez


Kisumu,
4 Septemba 1988

Dada,

Pole kwa mzee. Dereva anapiga honi hapa nje, sina nafasi ya salamu.

Nenda. Wakili amesema hakuna neno. Na hata asingesema, mimi mwenyewe kwa mambo haya nimeiva. Mama Wakili akikwama kwa sheria ananitazama mimi usoni.

Ila nenda hivi. Lala kwa mama mkwe pamoja na wanawake wa matanga. Nyumba ya Nicodemus usiingie hata akikuambia imeshika moto na wewe ndiye una ndoo. Pika, kwa sababu ya mzee. Nyolewa, kwa sababu ya mzee. Nicodemus usimpe chakula kwa mkono wako, na maneno yake yote mjibu mbele ya watu. Matanga yakiisha, usingoje hata chai, panda basi. Wewe unakwenda kumzika baba, huendi kumrudia mtoto wake.

Kuhusu hakimu wetu usiwe na wasiwasi. Yule baba akishakula samaki ngege wa mchana analala pale juu kama Walter, anaamka siku ya hukumu. Unafikiri Waliaula anapiga kelele kwa nini? Anamwamsha.

Dishon
Mkono wa Kulia wa Wakili


Kitale,
13 Novemba 1988

Ndugu yangu,

Hatujambo, mahindi yamevunwa. Ninyi je?

Nilikwenda Katito na nilifanya kama ulivyoandika, kila neno. Nililala siku nne chini, kati ya shangazi wawili wa Nicodemus wenye mkoromo. Nilimlilia mzee vizuri, nikarudi.

Sasa nimepata barua kutoka kwa Mama Wakili. Waliaula amejibu kortini. Anasema mke amerudi kwa bwana. Amelala bomani siku nne, amepika, amenyolewa kama mke, kwa hiyo amemsamehe Nicodemus lile kosa, na kosa lililosamehewa haliletwi tena mbele ya hakimu. Anaomba kesi itupwe na mtoto arudishwe Katito kwa baba yake.

Mama Wakili anauliza ni nani aliyenishauri kwenda. Anasema yeye hakuulizwa. Hakuulizwa, Dishon. Nimesoma mstari huo mara tatu, tena nikampa Anyango anisomee, labda macho yangu. Sijamjibu. Nangoja wewe.

Perez


Kisumu,
8 Januari 1989

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, na samahani kwa kuchelewa, posta ya siku hizi si posta. Walter ana meno mawili na ameanza kuyatumia vibaya. Mama amenunua mwavuli mwekundu. Joto la huku hata omena ziwani anatoka jasho.

Nasikia Kitale kuna panya wengi sana mwaka huu. Panya wanapenda karatasi. Kama una barua za zamani ndani, kwa mfano za mwezi wa tisa, mimi ningekushauri uzichome tu, kwa usafi wa nyumba.

Salamu kwa Anyango. Mwambie namba nne ni nzuri.

Dishon


Kitale,
15 Januari 1989

Dishon,

Panya hakuna. Barua iko kwenye sanduku la cherehani.

Juzi mtu nisiyemjua alisimama nje ya shule saa ya kutoka. Sijui alikuwa anamngoja nani. Anyango sasa namfuata mwenyewe na kumrudisha.

Nakuuliza jambo moja. Ulimuuliza Mama Wakili au hukumuuliza?

Perez


Kisumu,
24 Januari 1989

Dada,

Sikumuuliza.

Wiki ile alikuwa Kakamega kwa kesi. Ningeweza kumngoja mpaka Jumatatu. Ningeweza kumuomba karani wake apige simu. Lakini dereva alikuwa anapiga honi, na mimi nimekuambia tangu Machi kwamba naulizwa mambo ya sheria, sasa ningeandika vipi kwamba sijui? Nikaandika wakili amesema. Wakili alikuwa ni mimi.

Miezi hii miwili kila nikimpelekea mama yule chai nilikuwa nafungua mdomo na kuufunga. Jana nikaingia na kusema yote, nikaweka funguo za ofisi mezani, nikangoja kufukuzwa. Akaniambia nikae. Mimi sijawahi kukaa kwenye kile kiti, ni cha wateja. Akaniuliza barua ilisema nini, neno kwa neno. Nikamwambia. Nilipofika kwa mama mkwe na matanga na nyumba iliyoshika moto, akaacha kuandika akanitazama.

"Dishon," akasema, "umemdanganya dada yako, na katika kumdanganya umemwandikia ushahidi."

Alinieleza hivi. Korti inataka kujua ulikwenda Katito na nia gani. Barua imeandikwa kabla hujaenda, na inasema wazi: unakwenda kuzika, huendi kurudi. Hakuna mtu angeitunga sasa. Ila haiwezi kukatwa kwa mkasi. Itasomwa yote, na mimi nitaapa kwamba lile neno la wakili lilikuwa uongo wangu. Nikamuuliza kama sehemu ya hakimu na ngege inaweza kurukwa. Akasema tena: yote. Nikamuuliza kama hakimu anaweza kunifunga. Akasema hawezi kuniahidi kitu.

Watu wa Kisumu watanicheka mpaka uzee wangu. Mtu wa nje ya shule sitaki kumsikia tena. Barua itoe kwenye sanduku, itume kwa posta ya rejista.

Dishon
Tarishi


Kisumu,
28 Mei 1989

Dada Perez, mama yake Anyango, mwanamke wa Kitale nzima,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Tumeshinda.

Ngoja nikupe kwa mpango. Wewe Jumanne ulisema yako ukapanda basi la jioni kwa ajili ya sare za watu, kwa hiyo Jumatano hukuiona, na hiyo ndiyo siku ya kuona. Nilivaa suti ya jirani. Mikono yake ilikuwa inafika hapa kwenye kiwiko, lakini kwa mbele ilikuwa ni suti. Nicodemus alikuwa amekaa na jamaa zake kama watu wanaongoja kupakuliwa.

Waliaula akaanza na mimi. Akauliza kazi yangu. Nikasema tarishi. Akauliza kama ndiyo mimi Mkono wa Kulia wa Wakili. Watu wakacheka. Nikasema mkono ni wangu, hilo lingine niliongeza. Akaomba nisome barua mwenyewe, kwa sauti, kwa sababu alifikiri nitaaibika nikashindwa. Mimi, dada, nishindwe kusoma mbele ya watu? Nikasoma kama mhubiri. Nikafika kwa hakimu.

Nikainua karatasi ikanifunika uso. Nikasoma: akishakula samaki ngege wa mchana analala pale juu kama Walter. Karani wa korti akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake. Hakimu akavua miwani.

"Soma hapo tena, taratibu."

Nikasoma tena, taratibu.

"Huyo Walter ni nani?"

Nikamwambia ni mtoto wangu, ana miezi tisa. Akauliza ni saa ngapi. Karani akatokea akasema ni saa nane na nusu. Hakimu akavaa miwani. "Iandikwe kwamba leo, baada ya chakula, korti iko macho. Endelea."

Basi hapo Waliaula akaniita mwongo. Nikamwambia ndiyo, kwa dada yangu nilikuwa mwongo, na hapa nimeapa. Akakaa. Mama Wakili akasimama na swali moja tu: kama sikumuuliza yeye, kwa nini nilikuambia uende? Nilikuwa nimejitayarishia jibu refu lenye sheria ndani. Nikaliacha.

"Nilijua asipokwenda atajilaumu mpaka kufa," nikasema. "Na akienda vibaya atafungwa mpaka kufa. Nikamwandikia njia ya kuingia na ya kutoka. Ile ya kutoka ndiyo niliiandika vizuri zaidi."

Hakimu akaandika muda mrefu.

Halafu akaitwa Nicodemus. Mama Wakili, kwa ile sauti yake ya kuuliza bei ya nyanya, akamwambia: wewe unasema mkeo alilala nawe siku nne za matanga. Ni katika nyumba gani? Nicodemus akatazama jamaa zake. Shangazi yake mmoja wa ule mkoromo alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono mapajani, anamngoja aseme uongo. Nicodemus akakohoa. Akasema hapana, yeye siku hizo alikuwa anarudi Nyamasaria kila jioni.

Dada, korti nzima iliguna. Mtoto wa kiume, baba yake hajakauka kaburini, kila jioni anarudi mjini kwa mwanamke. Shangazi akainuka akatoka nje bila kuaga, na nusu ya jamaa wakamfuata. Waliaula akaanza kupanga karatasi zake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza chinichini.

Hukumu imesomwa juzi, ndiyo sababu sikuandika mapema. Hakimu alisema kumzika mkwe si kumsamehe mume. Alisema kosa la Nyamasaria limethibitika. Anyango anakaa na wewe, na hakuna mtu atakayemtoa shuleni, awe na barua ya chifu au ya nani. Baba yake anaweza kumwona Jumamosi moja kila mwezi, nyumbani kwako, kwa ruhusa yako. Hii ndiyo hukumu ya kwanza. Sasa ni kungoja ile miezi sita.

Kazi yangu ninayo bado. Ila Mama Wakili amenipa jukumu jipya: kila mteja anayengoja pale nje, mimi namsimulia habari ya barua ya Septemba, ili ajue kwa nini anaambiwa aulize kwanza. Naisimulia mara tano kwa siku na wengine wanarudi wakiwa hawana kesi. Hakimu nimekutana naye sokoni, ameshika ngege wawili. Akaniinulia.

Mdogo wako,
Dishon Ogola


Kitale,
12 Februari 1990

Dishon, wuod mama,

Hukumu ya mwisho imefika kwa rejista, ina muhuri mkubwa. Nakala nimempelekea mwalimu mkuu, akaisoma akiwa amesimama, akaifungia kwenye kabati lake la mitihani. Anyango sasa anarudi nyumbani na wenzake. Leo amechelewa kwa sababu ya kucheza, na nimemgombeza kwa furaha kubwa.

Nilikuwa sijakuambia kilichotokea mwezi wa kumi na moja katika ofisi yenu, siku ulipotumwa posta. Mama Wakili alituita mimi na Nicodemus, na Waliaula. Hakutaka tuachane kama watu waliopigana sokoni, alisema mtoto atakuwa na harusi siku moja na sote tutakaa meza moja. Tuligawa vitu: cherehani yangu, redio yake, blanketi mbili mbili. Akamuuliza Nicodemus anaogopa nini. Waliaula alitaka kumjibia, Mama Wakili akamzuia. Nicodemus akasema anaogopa Anyango atamsahau. Miaka yote hiyo, na watu wote aliowatuma, hakuwahi kusema hilo. Nikasema hatamsahau, mimi sitamfundisha kusahau. Tukatia sahihi.

Na wewe nakuambia hapa kwa sababu ukiwa mbele yangu utaanza mizaha: hakuna mtu aliyewahi kujivua nguo mbele ya watu kwa ajili yangu. Sisemi tena.

Jumamosi Nicodemus alikuja. Ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza tangu karatasi. Nilimwona kwa dirisha akishuka barabarani na mkate na penseli za rangi, shati limepigwa pasi. Alifika mlangoni, ukiwa wazi kama kawaida, akasimama nje ya kizingiti. Akapiga hodi. Niliishi na mtu yule miaka saba na sijawahi kumsikia akipiga hodi mahali nilipo.

Nilikuwa katikati ya mshono wa bega. Nikamwambia angoje. Nikamaliza bega, nikakata uzi, nikamwita Anyango nikamchana nywele. Yeye bado amesimama pale na mkate wake.

Ndipo nikamwambia karibu.

Perez Aoko